Kiraka kimefika: nani atakishona?

Tarehe 29 mwezi wa tatu 2024 ilikuwa Ijumaa Kuu. Siku ile fundi moja wa Microsoft, Andres Freund, alitangazia mafundi wenzake wa dunia nzima habari iliyowaharibia sikukuu. Yeye hakuwa anatafuta mwizi. Alikuwa anapima mwendo wa PostgreSQL, programu ya kutunza data, na akaona kama kuingia ku mashini yake kwa njia ya SSH kunakawia karibu nusu ya sekunde kuliko kawaida. Nusu ya sekunde! Mutu mwengine angesema ni konexioni, angeacha. Freund alifuata ule uzito mudogo mpaka akafika ku chanzo: ndani ya xz, kaprogramu kadogo ka kukandamiza mafaili, mutu alikuwa amejenga mulango wa nyuma.

Ule mulango haukuletwa na virusi, wala haukutoka ku tovuti ya wezi. Ulikuja kwa njia ya mise à jour, njia ile ile tunayoambiwa kila siku kama njo dawa. Toka pale kuna swali ambalo halijaisha: kama dawa yenyewe inaweza kutiwa sumu, haiko afazali kuacha mashini vile iko? Mukubwa wa ofisi ambaye hapendi kununua mega anaweza kufurahi kulisikia. Jibu letu ni hapana, na habari ya xz yenyewe, ukiisoma mpaka mwisho, inaonyesha juu ya nini.

Linux iko wapi?

Musomaji anaweza kusema kama yeye hana Linux nyumbani. Anayo. Simu ya Android aliyoshika mukononi, moyo wake ni Linux. Maserveri mingi yanayobeba tovuti za dunia yanatembea na Linux. Toka mwisho wa mwaka 2017, kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani ni za Linux zote, bila hata moja kubaki inje. Mutu akisoma gazeti ku simu, akituma barua-pepe, akijaza fomu ya chuo kikuu ku intaneti, karibu kila mara anapita mu mikono ya Linux bila kujua.

Na Linux haiko programu moja. Ni paketi mingi sana zilizopangwa pamoja: moja ya kufunga milango, moja ya kukandamiza mafaili, moja ya kusoma saa. Debian 12, iliyotoka mu 2023, iko na paketi zaidi ya 64 000, zilizoandikwa na watu ambao wengi wao hawajaonana hata siku moja. Wagawaji kama Debian, Ubuntu na Red Hat wanazikusanya ndani ya depo zao, wanatia sahihi ya siri, na mashini yako inakubali paketi yenye ile sahihi tu.

Ufa ukionekana mu programu, fundi anaandika kiraka, mugawaji anakipima na kukitia mu depo. Kazi inayobaki ni ya mwenye mashini: kukichukua na kukishona. Ku Debian na Ubuntu ni amri mbili, "apt update" kisha "apt upgrade". Ku Red Hat na Fedora ni "dnf upgrade". Mara nyingi ni kazi ya dakika chache. Lakini hapo njo shida inaanzia: kiraka kinaweza kuwa tayari mu depo, bila kulipisha hata franka moja, na nguo ikabaki na tundu mwaka muzima.

Mugeni aliyesaidia sana

Turudi ku xz. Kwa miaka mingi ilikuwa mu mikono ya mutu moja wa Ufini, Lasse Collin, aliyeitunza bila mushahara. Mu 2021 akatokea mutu aliyejiita Jia Tan, akaanza kutuma masahihisho. Yalikuwa mazuri. Mwaka uliofuata, majina mengine ambayo hakuna aliyeyajua yakaanza kumusukuma Collin: kazi inakawia, uachie wengine. Mu mwezi wa sita 2022 Collin alijibu kwa upole kama iko na shida ya muda mrefu ya afya ya akili, na akakumbusha kama xz ni kazi ya kujitolea, hakuna anayeilipa.

Kidogo kidogo Jia Tan alipewa funguo za nyumba. Alifanya kazi safi karibu miaka miwili ingine. Kisha mu mwezi wa pili 2024 likatoka toleo 5.6.0, na mu mwezi wa tatu 5.6.1, yote mawili na mulango wa nyuma ndani yake.

Ujanja wake ulikuwa mukubwa. Mutu angesoma maandishi ya programu vile yanaonekana mbele ya wote, asingeuona. Sumu ilifichwa mu mafaili yaliyoitwa ya majaribio tu, na mustari wa kuiamsha ulikuwa mu furushi la mwisho peke yake, lile wagawaji wanachukua kutengeneza paketi. Tena ku Debian na ku Fedora, SSH ilikuwa imeungana na xz kwa kupitia programu ingine, systemd. SSH njo mulango ambao mafundi wanapita kuamuru serveri kutoka mbali. Anayeshika xz ameshika kitasa cha mulango ule. Mwenye ufunguo wa siri angeweza kuamuru mashini bila neno la siri la mutu yeyote. Ule ufa ulipewa alama 10 juu ya 10 mu kipimo cha hatari. Mpaka leo hakuna aliyeonyesha mbele ya watu wote Jia Tan ni nani. Wazee walisema zamani: kikulacho ki nguoni mwako.

Fundisho la uongo

Mutu akisimamisha habari pale, atasema: muliona? Waliochukua mise à jour njo waliopata sumu. Tuangalie vizuri nani aliipata. Ilifika ku Fedora Rawhide na ku toleo la majaribio la Fedora 40, ku Debian ya majaribio, ku openSUSE Tumbleweed, ku Kali. Zote ni pahali ambapo vitu vipya vinapita mbele ili vipimwe. Debian 12, ile imara, haikuguswa. Red Hat Enterprise Linux, ile masosiete makubwa yanalipia, haikuguswa. Ubuntu ilichelewesha toleo la majaribio la 24.04 juma moja ili kujenga upya paketi zake zote.

Hii haikuwa bahati tu. Mu matoleo imara, wagawaji hawaleti programu mupya kila mara inapotoka. Wanachukua kile kiraka kidogo cha usalama peke yake, wanakishona ku programu ya zamani ambayo imekwisha kupimwa. Kwetu tunaita yote mise à jour, lakini ni kazi mbili: moja ni kubadili nguo muzima, ingine ni kuziba tundu. Serveri ya ofisi, ya hospitali ao ya shule inahitaji ile ya pili. Kutafuta vipya kwa ajili ya upya wake ni mambo ya mashini ya majaribio.

Sasa tuulize: ule mulango wa nyuma ulifungwaje? Kwa mise à jour. Debian ilirudisha maandishi ya zamani ya toleo 5.4.5, ikayapa namba ya ajabu: 5.6.1+really5.4.5-1. Ile "really" ni Kiingereza, ni kusema "kweli kweli". Walifanya vile juu mashini inakubali tu kupanda namba, haishuki yenyewe. Basi walivalisha programu ya zamani namba ya juu ili ipite njiani. Mutu mwenye mashini ya majaribio ambaye alifunga mise à jour zake tarehe 28 kwa kuogopa, yeye njo angebaki na mulango wa nyuma. Njia ambayo sumu ilipita njo hiyo hiyo dawa ilipita, na njia ingine haiko.

Saa sita za shirika la kodi

Mambo kama ya xz ni machache. Hatari ya kila siku inaitwa muda: ile nafasi kati ya siku kiraka kinatoka na siku mutu anakishona.

Tarehe 7 mwezi wa ine 2014 ulitangazwa ufa wa Heartbleed, mu OpenSSL, programu inayofunga mazungumzo kati ya simu yako na tovuti. Haukuwa kazi ya mwizi. Ulikuwa kosa la kweli la fundi, lililokuwa ndani toka 2012. Kupitia kosa lile mutu aliweza kusoma vipande vya kichwa cha serveri, kilobaiti 64 kila mara, na mule munaweza kuwa maneno ya siri. Kiraka kilitoka siku ile ile. Shirika la kodi la Kanada halikulala: kesho yake lilifunga huduma zake za intaneti. Hata hivyo, mu kipindi cha saa sita, mutu alikuwa amechukua namba za siri za raia karibu 900. Baadaye polisi ikashika mwanafunzi wa miaka 19.

Saa sita, mu inchi yenye mafundi, feza na umeme. Serveri ambayo hakuna aliyeigusa toka mwaka jana, iliishi na saa ngapi?

Kuna jambo ambalo wakubwa wengi hawajalifahamu. Siku kiraka kinatoka, mwizi naye anakisoma. Kiraka kinaonyesha pahali tundu lilipo. Ufa wa Shellshock, mu programu ya bash, ulikaa kimya toka 1989. Ulitangazwa tarehe 24 mwezi wa kenda 2014, na mu masaa machache mashambulio yakaanza. Tena kiraka cha kwanza hakikutosha. Ilifaa kutoa vingine siku zilizofuata. Aliyeshona cha kwanza akarudi kulala alibaki na tundu. Ufa wa PwnKit ulitangazwa mwanzo wa 2022, ingawa ulikuwa ndani toka 2009.

Hatari ya ufa inapanda gafula siku unatangazwa, hata kama uliishi miaka kumi na mbili bila kelele. Mutu anayesema "hii serveri inatembea miaka mitano bila shida" anahesabu miaka ambayo wezi hawakujua. Toka siku ya tangazo hesabu ni ingine.

Kiraka ambacho hakijavaliwa

Hata fundi mwenye bidii anaweza kuanguka mu mutego huu. Programu ikiwa inatembea, inakaa mu kumbukumbu ya mashini. Ukiingiza kiraka, faili ku disiki linabadilika, lakini ile programu inayotembea inaendelea na nakala yake ya zamani mpaka uisimamishe na kuiwasha tena. Kwa moyo wa Linux wenyewe, kwa kawaida inafaa kuzima mashini muzima na kuiwasha. Kuna kaprogramu kanaitwa needrestart, ku Debian na Ubuntu, kanakoonyesha nani bado anatembea na nguo ya zamani. Fundi anayejisifu kama serveri yake haijazimwa miaka miwili, mara nyingi anakiri bila kujua kama moyo wake haujapata kiraka miaka miwili. Kwetu, wakati mwengine umeme unaokatika unafanya kazi ambayo fundi aliisahau.

Mutego wa pili ni kimya. Kila toleo la Linux liko na siku ya kufa. CentOS 7, ambayo masosiete mingi ya dunia yaliipenda, iliacha kupewa viraka tarehe 30 mwezi wa sita 2024. Ubuntu 20.04 ilimaliza muda wake wa kawaida mu mwezi wa tano 2025. Kisha ile siku, ukiandika amri, mashini inakujibu kama hakuna kitu cha kuchukua. Mutu anafurahi, anafikiri yote ni sawa. Kumbe depo imefungwa, hakuna anayeshona tena. Ku Ubuntu kuna njia ya kuongeza miaka, inaitwa Ubuntu Pro, na kwa mutu binafsi ni bure mpaka mashini tano. Kwa wengine dawa ni kuhama ku toleo jipya. Wale waliohamia Linux juu Windows 10 iliisha tarehe 14 mwezi wa kumi 2025 wajue hili mapema: Linux ya zamani nayo inakufa.

Na sisi?

Tuseme kweli, kwetu kushona viraka kuko na garama. Mega ni bei. Ofisi yenye mashini kumi, kila moja ikijichukulia paketi zake, inakula konexioni ya mwezi kwa siku mbili. Lakini hii shida iko na dawa ya zamani: mashini moja inachukua mara moja, zingine zinakuja kunywa kwake. Programu apt-cacher-ng inafanya kazi hiyo bila kulipisha. Na unattended-upgrades inaweza kupangwa ili ichukue viraka vya usalama peke yake, usiku, wakati hakuna anayetumia konexioni. Mbele ya kugusa serveri kubwa, fundi anatunza nakala ya data pembeni. Hayo yote yanawezekana mu Bukavu sawa vile mu Bruxelles.

Kinachotushinda zaidi ni ule mukataba. Mara nyingi serveri inanunuliwa, fundi anaitwa, anaipanga, analipwa, anaenda. Hakuna aliyeandika nani atarudi kila juma. Mukubwa anafikiri serveri ni sawa na meza: ukishanunua, iko yako mpaka ivunjike. Serveri iko zaidi sawa na motokari: ukisahau kubadili mafuta, itatembea vizuri mpaka siku itakuacha njiani, na siku ile abiria ni wagonjwa, wanafunzi ao wateja ambao majina yao yako ndani.

Kongo iko na Code du numérique toka tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, na inagusa ulinzi wa data za watu na usalama wa mifumo ya kompyuta. Ni msingi muzuri. Lakini sheria haiandiki "apt upgrade" pahali pa fundi. Mukubwa asiyejua kitu ya kompyuta anaweza kuuliza maswali ine, na hayahitaji diploma. Mashini yetu iko na toleo gani, na litakufa siku gani? Nani anashona viraka, na mu siku ngapi kisha tangazo? Mara ya mwisho mashini iliwashwa upya ni lini? Nakala ya data iko wapi? Kama fundi anajibu yote bila kupepesa macho, mumulipe vizuri. Kama anajibu "inatembea tu", mujue muko wapi.

Nani anamulipa mushonaji?

Linabaki swali ambalo sisi peke yetu hatutalimaliza. Mbele ya Heartbleed, OpenSSL, iliyolinda sehemu kubwa ya biashara ya intaneti, ilikuwa inapata michango ya karibu dola 2000 tu kwa mwaka. Kisha aibu ile, masosiete makubwa yalitoa feza kupitia Linux Foundation. Miaka kumi ikapita, na xz ikatuonyesha tena mutu moja, amechoka, anabeba kitu ambacho dunia nzima inakitegemea. Jia Tan hakuvunja kufuli. Alimukuta mutu peke yake akamupa musaada. Uchovu wa Collin njo ulikuwa ufa wa kwanza.

Ulaya imeanza kubadilisha sheria. Cyber Resilience Act, iliyoanza kufanya kazi tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili 2024, itawalazimisha wauzaji, toka mwisho wa 2027, kutoa viraka vya usalama kwa vitu vyenye programu wanavyouza kule. Kwetu mutu ananunua simu ya okazioni bila kuuliza kama itapata kiraka hata kimoja. Mungano wa wateja, ao Leta, wanaweza kuanzia pale: muuzaji aandike ku karatasi siku ambayo viraka vitaisha, sawa vile dawa ya famasi inaandikwa siku yake ya kuisha.

Andres Freund aliona nusu ya sekunde juu alikuwa anaijua mashini yake, alijua siku ya kawaida inachukua muda gani. Nusu ya sekunde ile ile ingepita ku serveri isiyo na mwenyewe na hakuna angeiona. Ku ofisi yenu, ni nani angeiona? Kama jina haliji haraka, hiyo njo kazi ya juma hili.